Kitenzi Kilicholambwa

Mahakama ilinituma Vardakar mwezi wa Machi,
theluji ikiwa bado imejikunja kwenye vivuli vya mawe,
nikasome ukuta.
Hakimu alitaka ushahidi uletwe mezani.
Nikamwambia: mheshimiwa, kanisa haliingii kwenye faili.

Upande mmoja Padri Yeznik, na wakili wa jimbo,
na ramani ambayo wino wa mhuri wake ulikuwa haujakauka.
Upande wa pili Haykanush, miaka sabini na mmoja,
mkasi wa kupogolea mizabibu mfukoni mwa koti,
kama wengine wanavyobeba kitambulisho.

Kuta zina masikio, tunaambiwa tangu utoto.
Huu ulikuwa na kinywa, nao hauvuti pumzi:
waashi wale hawakuacha nafasi kati ya neno na neno,
jiwe lilikuwa ghali.
Nilibandika karatasi iliyoloa, nikaipigapiga kwa brashi,
herufi zikatoka moja moja, zimenuna,
kama watu walioamshwa kabla ya alfajiri.

MIMI MAMKAN MJANE WA VASAK
NILINUNUA SHAMBA HILI LA MIZABIBU KWA MAHARI YANGU
TOKA JIWE LA MBWA MWITU HADI MFEREJI
NA MAJI YAKE SIKU YA JUMATANO
NIKALITOA KWA NYUMBA HII
WANISOMEE MISA MBILI KILA MWAKA
ATAKAYEWAPOKONYA AWE FUNGU MOJA NA YUDA
NA WASIPOSOMA

Hapo ukuta ukanyamaza.
Jiwe lililofuata lilikuwa la juzi, la baada ya tetemeko,
laini, halina hata kosa.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Na daftari lenyewe likichanika ukurasa?
"Inatosha," alisema Padri, akifunga koti.
"Aliyetoa ametaja, aliyepewa ametajwa."
Haykanush alikuwa akikwangua utomvu kwenye kucha.

Ni mjukuu wake, Nshan, kamasi zinamchuruzika,
aliyenivuta mkono hadi zizini.
"Kuna jiwe lenye wadudu," alisema.
Nyuma ya hori, limelazwa ubavu kama mgonjwa.
Babu wa babu yake alilibeba kutoka kwenye kifusi.
Hakujua kusoma. Alitaka tu
kitu chenye pembe iliyonyooka.
Na ng'ombe, kwa ajili ya chumvi, wakalilamba,
ulimi baada ya ulimi, kizazi baada ya kizazi.

Tochi mdomoni, nilisoma kwa vidole:
MISA HIZO SHAMBA
kisha ulaini, ulaini wa sabuni iliyobaki kipande,
kisha, ukingoni kabisa:
KWA MKONO UNAOPOGOA

Lirudi? Lisiende?
Hatima ya ekari mbili na nusu
imeshuka tumboni mwa ng'ombe
waliokwisha kuliwa zamani.

"Misa zimesomwa?" aliuliza hakimu.
Padri alifunua kitabu cha parokia, akakifunua tena,
akaomba maji ya kunywa.
Ya mwisho ilisomwa kabla baba yake hajazaliwa.
Mtu alikohoa nyuma. Wakili akaniinamia,
sauti yake ya asali: "Wewe ndiye mtaalamu.
Imalizie sentensi."
Chumba kizima kilinitazama mdomoni.
Nakiri: nilikuwa nalo neno, tayari, chini ya ulimi,
nalo lilikuwa tamu, wala halikuwa lile alilolitaka yeye.

Lakini niliapa kusoma. Sikuapa kuandika.
Nikasema: hapa pana pengo la herufi sita, labda saba.
Iandikwe hivyo. Pengo.
Karani akaniuliza pengo linaandikwaje.

Shauri likaahirishwa hadi Juni.
Watu walianza kukusanya kofia
ndipo Haykanush aliposimama, kwa mara ya kwanza,
mkono mfukoni, juu ya mkasi.
Mstari wa maji hakuna aliyekuwa amemsomea.
"Mheshimiwa," alisema, "kama tumemaliza, naomba ruhusa.
Leo Jumatano.
Nawahi kufungua mfereji."